Mdudu wa Vidaka

Minazi ya baba, upande wa Magarini, iliacha kuzaa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vidaka, yaani nazi changa, vilipukutika kabla hata ya kuwa madafu. Ya ami, mdogo wake baba, ng'ambo ya ua tu, ilikuwa imeshehena. Baba akakata shauri: ni jicho la ndugu yake. Akaacha kula kwake, akaacha na salamu.

Mimi nilikuwa msaidizi katika kituo cha kilimo, kazi yangu kuwadunga wadudu sindano na kuwapanga sandukuni. Uchawi sibishani nao, ila sandukuni hauingii. Nikamwomba mkwezi aniletee chochote kinachotembea kwenye vidaka.

Aliniletea mdudu mwembamba wa hudhurungi, mwenye papasi, vile vipembe vya kichwani, ndefu kupita kiasi. Mjanja huyo! Ukimsogelea, huzunguka upande wa pili wa kidaka. Nilimlinganisha na wa sandukuni: papasi, mabega, mdomo wa sindano uliokunjwa chini ya kifua. Ndiye. Hutaga yai mojamoja kwenye maua na vidaka. Wakubwa kwa watoto hufyonza, na mate yao ni sumu. Wachache tu huharibu mnazi mzima.

Adui yake ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Baba alikuwa amevichoma viota vyote ili mkwezi asiumwe. Ami hakuvigusa, alikwea mwenyewe, akiumwa na kutukana.

"Basi turudishe chungu," nikamwambia baba.

"Watoke wapi?"

"Kwa ami."

Lo! Alininunia mpaka kesho yake. Kisha akavaa kofia, akachukua gunia, akasema twende.

Tulimkuta ami akifua nazi. Nikamwamkia, akaitika. Baba akaeleza habari ya mdudu na chungu, macho chini, wala hakuomba radhi. Niliona haya kwa niaba yake. Ami akakata matawi ya mkorosho yenye viota, akayatia guniani, akamkabidhi.

"Chukua, kaka. Mdudu wa nazi nimemwelewa. Lakini nilipomwoza mwanangu, watu waliniuliza uko wapi, nikawaambia unaumwa. Hilo nalo ni mdudu gani?"

Baba aliendelea kulishika gunia. Chungu walikwishatoka guniani, wanampanda mkono, na hakuwakung'uta.