Upande wa Pili wa Shuka

Siku niliyomwona kwanza alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, viganja viwili vimeziba masikio. Mashine zetu hufua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, na zikizunguka zote pamoja hata sisi wazoefu husemeshana kwa ishara. Msimamizi wetu, ambaye tulimwita Mama Mvuke kwa vile hasira zake hupanda upesi na kuisha upesi, alimuuliza kama amekuja kufanya kazi au kuziba masikio. Akajibu kwamba amekuja kufanya kazi, na masikio ataendelea kuyaziba mpaka apate pamba. Mama Mvuke alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaenda mwenyewe kumtafutia pamba.

Kukunja shuka si kazi ya mtu mmoja. Likitoka kwenye mashine ya kunyooshea lina moto. Mmoja hushika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule, mnalivuta, mnalikunja kwa urefu, kisha mnaendeana mpaka pembe zenu zinakutana. Mmoja anaachia, mwingine anapokea, mnarudi nyuma kuanza jingine. Upande wa pili wa shuka langu hakuna aliyekuwa akidumu. Walisema kukunja na mimi ni sawa na kukunja na nguzo, maana sina maneno. Basi mgeni akawekwa kwangu. Mpiga pasi mmoja akasema bubu kapata kiziwi, sasa mashuka yenyewe ndiyo yatakayopiga soga.

Hakuwa kiziwi. Alikuwa akisikia kupita kiasi. Tulikuja kumpa jina la Pindo, kwa kuwa hakuliachia shuka kabla hajapitisha kidole kwenye pindo lake lote, na jina hilo alilipenda. Ukimwambia subiri kidogo, alikuuliza kidogo ni kiasi gani, wala hakuwa anafanya mzaha. Uso wangu hakuutazama. Alitazama mikono yangu. Miaka ikaenda hivyo, mwanamume mtu mzima na mwanamke mtu mzima tukiendeana na kurudi nyuma kutwa nzima, na jioni nikienda nyumbani na joto la vidole vyake kama mtu aliyeazima kaa la moto kwa jirani, analikinga lisimzimikie njiani.

Dada yangu, ambaye naishi kwake, alijua bila kuambiwa. Alinisema kwamba mtoto asiyelia hufa na njaa, na mimi nimeshazeeka kwenye mbeleko. Nikamwambia nitasema. Pindo alikuwa kibarua bado, leo yupo, kesho hajui. Nilijiwekea kwamba siku atakayopata ajira ndiyo nitakayomwomba nifike kwa shangazi yake, anakoishi, nikaseme kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kisha mahali petu pakapata wenyewe wapya. Mimi niliajiriwa zamani na mzee wa kwanza. Alinipa shuka, akashika upande wa pili yeye mwenyewe, tukakunja, akasema njoo kesho. Hawa wapya walileta mtihani wa kompyuta. Kila kibarua angekaa mbele ya kamera, aulizwe na sauti, ajibu upesi, na kompyuta impe alama kwa maneno yake, kwa macho yake na kwa tabasamu lake. Atakayefaulu anaajiriwa. Atakayeshindwa, mwisho wa mwezi anaaga.

Mama Mvuke aliposikia habari ya macho alituita wote wawili, akatuamuru tuitumie saa ya chakula kufanya mazoezi.

"Mtazame kaka yako huyu machoni, mwanangu. Ukimweza huyu na kamera utaiweza, wote hawasemi."

Tukaketi kwenye benchi la nyuma, penye mabomba. Akanitazama. Maishani mwangu sikuwa nimetazamwa vile, nikainamisha uso.

"Sasa anayefundishwa ni nani?" Pindo akauliza.

Nikacheka. Naye akafumba macho kama mtu aliyetoka juani, akasema, "Macho ya watu yana kelele. Mikono yako haina."

Neno hilo nimekaa nalo mpaka leo. Kila mchana tulirudi kwenye benchi lile, naye kila mara alinitazama muda mrefu zaidi kidogo, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo siku ya mtihani isifike upesi. Tabasamu alifundishwa na Mama Mvuke kwa kioo cha mkononi. Alilishika vizuri, kama anavyoshika kila kitu akionyeshwa mara moja.

Siku yenyewe Mama Mvuke aliruhusiwa kuketi nyuma yake, na ndiye aliyetusimulia. Sauti iliuliza kama anapenda kufanya kazi na watu. Pindo akauliza, watu wangapi? Akangoja, maana kwake yeye anayeuliza naye huulizwa. Kompyuta ikanyamaza, muda ukaisha, swali likapita. Ikamwonyesha picha ya mwanamke na kutaka aseme mwanamke yule anahisi nini. Akasema hajui, hajamuuliza. Na kwa kuwa aliambiwa atabasamu, alitabasamu mpaka mwisho, hata alipoulizwa angefanya nini mwenzake akiungua na mvuke. Jibu lilikuwa lenyewe, zima mashine, maji baridi, ita msimamizi. Lakini alilitoa akitabasamu.

Kompyuta ikasema hafai kufanya kazi na wenzake.

Mama Mvuke alipanda ngazi kwa meneja akiwa na aproni yake yenye maji. Meneja ni kijana mpole, hakupandisha sauti. Alimwambia mtihani ni mmoja kwa wote, na hiyo ndiyo haki. Akishuka kumtazama mmoja, itabidi awatazame wote.

"Si uwatazame, baba," Mama Mvuke akamwambia. "Macho unayo."

Akajibu kwamba alama zimeshapelekwa kwa wakubwa.

Kesho yake nilichukua shuka lililotoka kunyooshwa nikapanda nalo. Nilitaka meneja ashike upande wa pili, kama mzee yule wa zamani, kisha nimwambie sasa mwite Pindo, nawe ukae utazame. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Meneja akafungua mlango. Alinitazama, akalitazama shuka, akadhani nimetumwa.

"Asante, mzee. Weka tu hapo mezani."

Nikaweka.

Siku hizi upande wa pili anashika mtu mchangamfu, mwenye tabasamu zuri. Huzungumza sana, nami simlaumu. Pindo na shangazi yake walihamia kwa ndugu wa shangazi, mbali. Dada yangu hanisemi tena, na afadhali angenisema. Pembe zikikutana bado natazama mikono iliyo mbele yangu, halafu nakumbuka.

Siku yake ya mwisho tulikunja kama kawaida. Sikusema nilichotaka kusema, maana ajira niliyoingojea haikuja, nami sikuwa nimejiwekea maneno mengine. Shuka la mwisho alipitisha kidole kwenye pindo lote, polepole, kisha tukaendeana. Pembe zikakutana. Safari hii hakuachia mara moja. Alinyanyua uso akanitazama machoni, bila lile tabasamu la kioo, na mimi sikuinama.

"Atakayeshika upande wangu," akasema, "mwambie mkono wako wa kulia huchoka mapema. Asikuvute."