Kipimo Kilichotukataa

Binti yangu anasoma falsafa Nizwa, huku Oman, na utafiti wake ni juu ya Mayahudi. Nilipokwenda kumchukua kumrudisha nyumbani Ibra, alinieleza njia nzima, kwa Kiarabu, maana Kiswahili hana, ila maamkizi tu.

Wanafalsafa wa Kijerumani, alisema, walifundisha kwamba kila taifa lina roho yake, na roho hiyo inakaa katika lugha na ardhi ya wazee. Mayahudi waliosoma kwao waliyapenda maneno hayo. Kisha wakaambiwa wao ni wageni, roho hiyo hawana. Baadhi yao hawakukitupa kipimo kilichowakataa. Walikichukua wakajipimia wenyewe: nasi tu taifa, tuna lugha yetu ya kale, tuna ardhi ya kurudi.

"Na waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo?" nikauliza.

"Hapo ndipo nilipokwama, mama."

Nikaendesha, nikiwaza yetu. Sisi tulifukuzwa Unguja kwa kuwa Waarabu, tulipofika Oman tukaitwa Wazanzibari. Mimi, mwalimu mzima wa skuli, kipimo kile nilikipokea kwa mikono miwili. Nilipiga marufuku Kiswahili mbele ya wanangu wasije wakachekwa. Mama yangu alinionya, "Mkataa kwao mtumwa." Nikamjibu, kwetu ni hapa. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye kiburi.

Nyumbani tulimkuta mama kitandani. Kiarabu chake cha kuokoteza maradhi yalikuwa yameshakichukua, amebaki na Kiswahili tu. Binti akambusu mkono. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe nenda kapike kahawa. Nina maneno na mjukuu wangu, hayakuhusu."

Nilitaka kumwambia kwamba mjukuu wake hatafahamu. Niliona haya, nikenda zangu jikoni.

Huko nilisimama na dele la kahawa mkononi, nimetega sikio. Kiyoyozi kilivuma, nikasikia sauti tu bila maneno: mama anasema, anasema, na binti yangu anaitikia, "Naam, bibi. Naam." Nilipoingia na kahawa mama alikuwa anamuuliza, "Umenifahamu?"

"Naam, bibi."

Mama akafumba macho, moyo umetulia.

Alifariki Ijumaa. Matanga yalipokwisha, binti alinijia na daftari lake na kalamu, akakaa karibu yangu.

"Mama, bibi aliniambia nini?"

Nikamwambia nilikuwa jikoni.