Baba Anaonyesha Banio

Mtu akipiga simu ofisini kwangu kabla sijanywa chai, najua ni projekta. "Mama, haiwaki." Nashuka ngazi, naingia darasani, nakuta waya haujachomekwa. Nauchomeka. Mhadhiri ananishukuru, halafu anawageukia wanafunzi: "Huyu ndiye mama yetu wa kompyuta, bila yeye hatuendi." Nimeisikia kauli hiyo miaka mingi, na kila nikiisikia natamani kuuchomoa ule waya na kwenda nao nyumbani Njoro.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilisomea akiolojia, tena ile ya Mediterania ya kale. Ujana wangu niliumalizia nimepiga magoti kwenye kilima cha ng'ambo, jua la utosi, na mwiko wa fundi uashi mkononi, nikikwangua udongo kutafuta vigae vya mitungi ya divai iliyovunjika kabla Kristo hajazaliwa. Nilijua kuusoma udongo tabaka kwa tabaka na kusema hapa palifurika, hapa paliungua, hapa mtu alitupa takataka zake akaenda kulala. Nikarudi nyumbani na shahada yangu, nikazunguka nayo ofisi kwa ofisi, na hakuna aliyekuwa na shida na mitungi ya watu wa zamani. Kilichopatikana ni nafasi katika chuo kikuu kimoja hapa Moshi, kitengo cha teknolojia ya ufundishaji, kwa sababu tu kule machimboni nilikuwa nimezoea kuingiza vigae kwenye kompyuta. Basi, nikawa mama wa kompyuta.

Baada ya kulalamika sana walinipa kozi moja ya hiari, dunia ya kale, kwa wanafunzi wanaosomea ualimu. Nikawa nawaonyesha mifereji ya mawe ambayo watu wa kale waliitumia kuteremsha maji kutoka milimani. Wanapiga miayo. Ilinichukua mihula miwili, msomi mzima, kutambua kwamba nusu ya darasa wametoka Uru na Machame huko mlimani, na wamekua wakiruka mifereji kila siku wakienda shule. Huko kwetu tunaita mfongo: mfereji uliochimbwa na mababu kwa mikono, unaochepusha maji ya mto huko juu msituni na kuyaleta mpaka kwenye migomba. Na msimamizi wa mfongo wa ukoo wetu, pale Uru, alikuwa baba yangu mzazi. Nikaazima kamera ya chuo, nikapanda.

Siku hiyo baba hakufunga mdomo. Alitangulia na buti zake za mvua, akionyesha kwa fimbo: hapa maji yanagawanyika, hapa babu yako alipigana na jirani, hapa juu ndipo lilipokuwa banio la zamani, pale mto unapozibwa ili maji yaingie mfongoni. Katikati nikateleza, mguu mmoja ukazama majini na kiatu changu cha ofisini. Alicheka mpaka akashika mgomba. "Mama," akasema, maana nina jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "mama, umevuka bahari kwenda kuchimba mifereji ya watu, ya kwenu inakuangusha!"

Nilipoionyesha video darasani walishangilia. Nikaiingiza ile video kwenye mfumo wa masomo wa chuo. Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili ikakubali, mfumo ukaniuliza jina la faili, na hapo hapo simu ikalia: projekta. Nikaandika "jaribio la pili", nikashuka ngazi, nikijiambia nitarekebisha baadaye.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia. Kwenye mazoezi ya kozi yangu nawapa wanafunzi vigae vya vyungu vilivyovunjika wajifunze kuviandikia lebo: kimetoka wapi, kwenye kina gani cha udongo, nani alikionyesha, hali yake ni kizima au kipande. Kisicho na lebo, nawaambia, ni taka. Binti mmoja aliwahi kuniletea kigae kizuri bila lebo. Nilikitupa kwenye ndoo mbele ya darasa zima. Alilia, na mimi nikaona nimefundisha.

Masika yaliyofuata baba akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ulirudi, kula kukarudi, akili yake haikuondoka hata siku moja, unamwona kabisa machoni kwamba yupo. Maneno ndiyo hayakurudi. Watu walinishauri niitazame ile video nijifariji, lakini sikuwa na moyo wa kuifungua. Nilijua ipo. Hiyo ilinitosha, mwaka ukapita.

Mwaka huu mvua ikaleta maporomoko. Udongo ukashuka, ukafukia sehemu ya juu ya mfongo pamoja na banio la sasa na la zamani, na nyumba zote za chini zikakosa maji. Kaka yangu mkubwa akanipigia. "Ukoo unakutana tena Jumamosi. Njoo na ile video. Mle ndani baba anaonyesha banio la zamani. Tutaanzia pale."

"Ipo," nikasema. "Msiwe na wasiwasi."

Nikatafuta kwa jina la baba, jina la Uru, neno mfongo. Hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka, nikaandika "jaribio la pili". Mfumo ukaniletea mstari mmoja tu: faili limefutwa, na jina la aliyefuta. Mimi.

Naomba nieleze, ingawa maelezo hayasaidii. Mfumo ulikuwa umejaa. Wahadhiri wetu, watu na heshima zao, walikuwa wanahifadhi humo video za harusi na mahubiri. Nikatunga utaratibu: lolote lisilofunguliwa kwa mihula miwili linaingia kwenye orodha, mkuu wa kitengo, yaani mimi, anaipitia, anafuta. Kamati ilinisifu. Orodha ikaja ndefu ajabu, na majina ya kipuuzi: "mpya", "mpya kabisa", "mpya hii ndiyo". Niliifuta kwa raha, mstari baada ya mstari. Nakumbuka kabisa nilisema kwa sauti, "Hivi watu wazima wanashindwaje kukiita kitu jina lake?" Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika.

Niliwapigia wenye mfumo. Kijana wa upande wa pili akanijibu kwa upole ulionichefua kwamba nakala za akiba wanakaa nazo siku thelathini, halafu basi. Kadi ya kamera? Ilishatumika kurekodi mahafali. Nikawaandikia wanafunzi wangu wa zamani kwenye kundi la simu, yeyote mwenye chochote, jamani, tafadhali. Mmoja akanitumia picha aliyopiga darasani siku ile: kisogo cha mwenzake, na ukutani nyuma yake buti za baba na nusu ya uso wake. Nilimshukuru, nikafunga mlango wa ofisi, nikalia. Simu ikalia pia. Sikupokea.

Jumamosi nilipanda Uru mikono mitupu. Wanaume wa ukoo walikuwa uani na mbege yao, pombe ya ndizi, na baba alikuwa barazani kwenye kiti chake cha plastiki, mlangoni kabisa. Nikawaamkia, shikamoo zote mpaka ya mwisho, halafu nikasema: nimeifuta.

Baba mdogo akaweka kibuyu chini. "Lakini si tulisikia wewe ndiye mkuu wa kompyuta huko chuoni?"

"Ndiye mimi."

"Umemfuta baba?" Kaka alisema hivyo, kwa sauti ndogo, na afadhali angenizaba kofi.

Wakaanza kubishana banio la zamani lilikuwa wapi, huyu anasema kwenye jiwe, yule anasema chini ya jiwe. Shangazi yangu, dada yake baba, akanivuta mkono mpaka kwenye uzio. Akakata jani la sale, ule mmea wa mipaka yetu, akalifunga fundo, akanitia mkononi. Kwetu aliyekosa hupeleka sale, na aliyepelekewa hakatai. "Hawa wanataka maji tu," akaniambia. "Uliyemkosea yuko mlangoni pale."

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha plastiki. Nikamweleza baba yote, la lebo, la orodha, la uhakika wangu. Nikasema sauti yake ilikuwa humo na nimeitupa kama taka. Nilitaka akasirike. Kweli, nilitaka anipige na ile fimbo, tuwe sawa. Akaniangalia muda mrefu, akalipokea jani kwa mkono wa kushoto. Kisha akalinyoosha, kupita kichwa changu, kupita zizi la ng'ombe, juu kule, kwenye migomba na msitu.

"Anataka kwenda," shangazi akasema.

Jamani! Siku zote hizi watu wazima wamekaa vikao uani, kaka na simu zake, mimi na seva zangu, tunatafuta video ya mtu anayetusikiliza kutoka mlangoni. Alikuwa anajua. Alikuwa anatusikia tunabishana kuhusu jiwe. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, kwa sababu hasemi, na tulishaamua kwamba asiyesema hajui.

Wakambeba na kiti chake, watu wanne wakipokezana. Yeye juu, jani mkononi, anaelekeza. Tukikosea anagonga mkono wa kiti, ko ko ko, kwa ghadhabu ile ile aliyokuwa nayo akitukuta tunacheza mfongoni. Tulipofika kwenye maporomoko wanaume wakainua majembe. "Shusheni!" nikafoka, mpaka nikajishangaa. "Mtaharibu. Nipeni nafasi." Nikatoa mwiko wangu kwenye mkoba, ule ule wa ng'ambo ninaotembea nao siku zote, nikapiga magoti na sketi yangu ya kanisani.

Shimo la kwanza halikuwa na kitu, ni udongo mwekundu ulioshuka, mchanganyiko mtupu. Baba akagonga kiti. Akaelekeza kushoto, hatua nne. Nikachimba. Mwekundu, mwekundu, nikazama mkono mzima mpaka begani, halafu mwiko ukabadilisha sauti. Mchanga laini wa kijivu, umelala kwa mistari myembamba, jinsi maji yanavyouacha yakipita taratibu miaka mingi. Chini yake mawe, yamebanwa moja kwa jingine na mkono wa mtu.

"Hapa," nikasema.

Walipiga kelele hizo! Majembe yakashuka, na alasiri maji yakaja, kwanza tope, halafu meupe. Wakanisifu. Msomi wetu, Mungu akubariki, kumbe kusoma kwako kuna faida. Baba mdogo akanipiga begani akicheka: "Umeona? Hata hiyo video haikuwa na kazi."

Hakukusudia ubaya. Lakini nilisogea pembeni nyuma ya migomba nikang'ata ukosi wa blauzi yangu nisipige ukelele. Wao wamepata walichokitaka. Mimi nimechimba maisha yangu yote, nimetoa mitungi, nimetoa mifupa, nimetoa sasa na banio la babu, na hakuna tabaka lolote, mahali popote, ambapo sauti ya mtu huwa imelala ikingoja.

Nilirudi, nikachutama kando ya kiti chake. Wengine walikuwa wameyafuata maji kuteremka. Nikawasha kamera ya simu, nikamwelekezea yeye na banio lililo nyuma yake. Sikupaswa kumwomba, shangazi ameshanikataza mara ngapi, inamuumiza. Nikamwomba. "Baba, niite kama zamani."

Akajaribu. Shingo ikakakamaa, jasho likamtoka, midomo ikakutana. "Mmm," akasema. Ikakutana tena. "Mmm." Halafu akashindwa, akageuza uso kuyatazama maji, na lile jani likiwa pajani.

Nikazima. Nikaandika jina la faili pale pale, nimekaa kwenye tope, kabla mtu hajaniita kokote. Baba anaonyesha banio la zamani. Uru, kwenye maporomoko. Kina, mkono mzima. Aliyeonyesha, yeye mwenyewe. Hali yake: kipande.