Nyimbo Zilizofungwa kwa Jina la Baba Mkwe

Shemeji alinipiga kofi la kwanza bila hata kunisalimia. Nilikuwa napepeta mahindi uani, mume wangu yuko malishoni na ng'ombe. Ungo uliruka, mahindi yakamwagika.

"Toa neno la siri," akasema.

Ndugu huyu wa mume wangu ana kibanda mjini Katesh, anawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nyingi ni za wizi, na hilo halijawahi kumkosesha usingizi. Safari hii alikuwa amekwapua programu ya simu niliyoitengeneza mwenyewe, na ndani yake kulikuwa na sauti, picha na video za mama mkwe wangu akiimba. Ni nyimbo za wanawake peke yao. Zikianza, mwanaume huchukua fimbo yake akaondoka. Mama alitaka mabinti zake walioolewa mbali wasizisahau, akakubali nimrekodi kwa sharti moja: zisifike kwenye sikio la mwanaume.

Shemeji alikuwa ameipasua programu na kuyachomoa mafaili yote, lakini kila alilolifungua lilitoa mkwaruzo mtupu, maana niliyavuruga kwa neno la siri kabla ya kuyafungasha. Neno lenyewe ni jina la marehemu baba mkwe. Mke wa Kibarabaig halitamki kamwe jina hilo, nami, ingawa si Mbarabaig kwa kuzaliwa, ni mzaliwa wa kijiji cha Daudi niliyeolewa huku Dirma, nimeishika mila hiyo. Nililichagua makusudi: hata nikibanwa, mdomo utakataa. Kuliandika niliruhusiwa, mama alisema vidole havina ulimi. Kila binti nilimwandikia neno hilo kwenye simu yake kwa mkono wangu.

"Silisemi," nikamjibu.

Akanipiga ngumi ya mdomo. Nikaonja damu. Nikamng'ata mkono, naye akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akakizungusha hadi kikavunjika kama kuni kavu. Kisha akaapa. Alilitaja jina la baba yake, lote, kwa sauti ya kusikika hadi zizini, kwamba hataondoka bila neno la siri. Maumivu yalinitoa machozi, lakini nilicheka. Alikuwa amelitema neno mwenyewe usoni pangu, na hakujua. Akadhani namdharau, akaniongeza teke la mbavu.

Majirani walisikia. Kwa Wabarabaig, mwanaume akimwumiza mwanamke, kesi ni ya baraza la wanawake, na faini yake ni ng'ombe dume. Asubuhi yake wanawake wakaja na fimbo. Aliyetangulia kumchapa ni mama mkwe, mama yake mzazi. Walimtandika hadi akajikunja kwenye mavi ya ng'ombe, akilia, "Mama! Mama, nisamehe!" Nilifurahi. Mchungaji wangu wa kanisani asinisikie, lakini nilifurahi, nikaomba wasichoke haraka.

Dume lilipokwisha kuchukuliwa, mama aliketi kando yangu, akautazama mkono wangu uliofungwa vijiti, halafu akaniambia nitoe simu.

"Rekodi, mwanangu."

Akaimba wimbo mpya, wenzake wakiitikia. Ulimtaja mwanawe kwa jina, ukakitaja na kibanda chake, na jinsi alivyolia mavini. Ulikuwa mtamu, wa kukaa kichwani mara moja. Ulipoisha nikamwuliza kama niufunge kwa neno lile lile.

"Huu usiufunge," akasema. "Mpelekee akauze."