Vilemba Ndani ya Soksi

Nikisikia harufu ya udi hapa Mutsamudu, miundi huniwasha. Utotoni, Moroni, mpira wetu wa magongo ulikuwa wa mti, mgumu kushinda mlima wa moto. Wenzangu walijifunga maganda makavu ya mgomba kukinga miundi. Mimi nikachagua vilemba vya baba vya harusi kubwa, vilivyonukia udi, alivyovificha baada ya serikali kuipiga marufuku sherehe hiyo ya kifahari.

Katikati ya mchezo soksi ikateremka, zari ya kilemba ikang'aa. Mwamuzi alikuwa kijana wa kamati ya serikali, mwenye ruhusa ya kupekua nyumba na kumkamata baba. Moyo ulidunda hadi mji jirani wa Itsandra wakausikia.

"We mdogo wangu, nini hicho?"

"Kitambaa tu, kaka."

Akainama, akanipandishia soksi. "Funika vizuri. Cha baba yangu kiko darini."