Saruji ya Kukung'uta

Wifi yangu hakuzaliwa mkaidi. Ukaidi aliupata kazini, kama wengine wanavyopata maumivu ya mgongo. Tangu kaka yangu amuoe alikuwa kibarua wa ujenzi: anachota maji, anakoroga saruji na mchanga, anawapandishia mafundi ndoo mpaka juu ya jukwaa, na jioni anarudi nyumbani na vumbi kichwani utadhani amezeeka tangu asubuhi. Mafundi wengine walikuja pale hawajui hata kushika mwiko. Walifundishwa mbele ya macho yake, wakawa mafundi, naye bado yuko na ndoo.

Siku moja fundi mmoja aliugua. Wifi akachukua mwiko wake, akaendeleza ukuta pale ulipoishia. Msimamizi alipofika hakuutazama ukuta, alimtazama yeye.

"Una cheti?"

Akasema hana.

"Basi rudi kwenye ndoo, mama. Hapa tunajenga, hatuchezi."

Ukuta wenyewe hakuubomoa. Kesho yake mafundi waliendelea kupanga matofali juu yake kana kwamba ulijijenga wenyewe.

Jioni ile alinijia amenuna. Mimi nafundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, na mtu akiwa na shida inayohusu karatasi yoyote yenye mhuri, hunijia mimi.

"Wifi," akasema, "hicho cheti mnakiuza au mnakifundisha?"

Nikamwambia kinafundishwa, ila kinachukua miaka miwili, na wanafunzi wenyewe wengi ni rika la wanawe.

"Watanipisha," akasema.

Kaka yangu alipopata habari alicheka mpaka akapaliwa. "Mke wangu akiwa mwashi, mimi nitakuwa nani?"

"Mume wa mwashi," akamjibu, akaendelea kuosha sufuria.

Akaanza. Asubuhi kibarua, mchana chuo. Haukupita muda wanafunzi wakambandika jina la Timazi, kwa sababu ile kamba yenye kipande cha chuma chenye ncha, ambayo waashi huning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, haikukosa mfukoni mwake. Alipimia kila kitu. Alipima ubao wa darasa, akapima mlango wa ofisi yangu, akapima nguzo ya bendera na kuikuta na hatia. Nilimwomba asinipime mimi.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la chuo chetu, maana bila hilo ugomvi wenyewe hauonekani. Wanafunzi wa uashi hawatumii saruji. Wanajengea udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga. Mwisho wa mafunzo kila mmoja hujenga kazi yake ya mtihani, mwalimu huja na pimamaji na kamba, hupima, huandika alama, kisha husema neno moja tu: "Bomoa." Hapo mwanafunzi huuangusha ukuta wake kwa mikono yake, huparua udongo kwenye matofali, huyapanga vizuri kwa ajili ya darasa linalofuata, ndipo mwalimu husaini. Kwa hiyo mwalimu mwenyewe tulimwita Bomoa, na alilijua jina hilo na alilipenda. Kanuni yake haikuwa ya kijinga. Matofali ya chuo ni machache, na hata mimi wanafunzi wangu hufumua magauni ya mtihani ili kitambaa kitumike tena. Nimeshawaona wasichana wakifumua huku wanalengwalengwa na machozi, nikawaambia wafumue taratibu wasichane.

Lakini wavulana wa uashi walikuwa na stoo ya kubadilishia nguo. Wasichana walikuwa na rundo la mbao. Walijibanza nyuma yake, wakavaa ovaroli zao huku mmoja akilinda. Niliwashonea pazia la turubai. Mvua ilipokuja likachukuliwa kufunikia mchanga, na halikurudi. Kila mwaka niliuliza ofisini, na kila mwaka nikajibiwa kwamba suala hilo linaangaliwa. Sijui lilikuwa linaangaliwa na macho ya nani.

Wifi alipokuwa mwaka wa pili, akaja msichana wa mwaka wa kwanza tuliyemwita Kimya, kwa kuwa kumtoa neno ilikuwa kazi. Siku moja wavulana walipanda juu ya rundo la mbao wakachungulia, wakapiga miluzi. Kimya hakuja tena. Wifi alikwenda hadi kwao, akarudi naye amemshika mkono kama mtu aliyekamata mwizi.

"Nimemwahidi atapata pa kuvalia," akaniambia.

"Umemwahidi kwa mamlaka ya nani?"

"Ya mwiko."

Nilidhani ni maneno ya hasira. Lakini kuanzia hapo nilianza kuona mambo. Kule kazini kwake vibarua waliruhusiwa kukung'uta mifuko mitupu ya saruji na kuchukua unga unaobaki kwenye pembe. Wengi hawakujisumbua, maana ni kujitia vumbi puani bure. Yeye aliikung'uta yote, akahifadhi unga wake katika ndoo yenye mfuniko, mbali na unyevu. Matofali yaliyovunjika nusu, ambayo fundi hutupa, aliyabeba ndani ya ndoo yake ya maji kila anaporudi. Uani kwa kaka yangu palijaa vipande mpaka kaka akauliza kama wanajengewa kaburi.

Wakati wa mtihani ulipofika, wanafunzi wengine walichagua kujenga kona au nguzo au ukuta wenye dirisha. Wifi aliomba ajenge nyuma ya karakana, tena kwa matofali yake mwenyewe.

"Lete," akasema Bomoa. "Bora usiguse yangu."

Alichimba msingi. Bomoa akapita, akasimama. "Mama, unajenga ghorofa?" Akasema anajifunza kuchimba. Akainua kuta tatu, wa nne ukiwa ule wa nyuma wa karakana yenyewe. Akaacha nafasi ya mlango, na juu kabisa tundu la kuingiza mwanga lisilofikiwa na shingo ya mvulana yeyote. Katikati ya matofali alitia saruji. Ukingoni, pale jicho linapoona, alipitisha udongo mwekundu kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepaka mafuta midomo. Mimi nililijua hilo. Nilipita kila siku na nikajitia hamnazo.

Siku ya kupima Bomoa alikuja na vyombo vyake. Akaning'iniza kamba, akalaza pimamaji, akazunguka, akarudia. Akaandika alama ya juu kuliko zote za darasa lile, na hakuficha kwamba amefurahi. Kisha akasema, "Bomoa."

"Haubomoki, mwalimu," akasema wifi.

Bomoa akacheka, akawaita vijana. Wakasukuma kwa mikono. Wakasukuma kwa mabega. Mmoja akaupiga teke, kisha akarukaruka kwa mguu mmoja akiwa ameushika mwingine. Bomoa akaacha kucheka. Akatoa msumari mfukoni, akakwaruza kiungo kati ya matofali mawili. Udongo mwekundu ukapukutika, chini yake ikatokea rangi ya kijivu.

"Umetia saruji."

"Nimetia."

"Kanuni unaijua."

"Naijua. Inahusu matofali ya chuo, na matofali yako yale pale, sijayagusa. Uliniambia bora nisiyaguse."

"Mama, kazi ya mwanafunzi ni ya kupimwa, si ya kukaa."

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Ina kosa?"

Bomoa akalaza pimamaji mara nyingine, akaiondoa. "Kosa lake ni kwamba imesimama."

Wasichana wakaangua kicheko, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mwanamume aliyechekwa mbele ya darasa lake hana pa kurudi. Akaenda mwenyewe karakana, akarudi na nyundo kubwa ya kuvunjia zege, akaiweka miguuni pa wifi.

"Chagua. Ukibomoa, nasaini sasa hivi, unaondoka na cheti. Usipobomoa, umefeli, na kuta hizi nitatafuta watu wa kuziangusha."

Wifi akainama, akaiinua ile nyundo. Nilifikiria miaka miwili ya kutoka kibaruani na kuja darasani na njaa, nikafikiria msimamizi na swali lake, na nasema kweli, nilitamani abomoe. Wifi akaingia ndani ya kile chumba chake kisicho na paa, akaiegemeza nyundo kwenye pembe ya mwisho, akatoka, akasimama mlangoni.

"Nyundo iko ndani," akasema. "Anayeitaka apite hapa."

Hakuna aliyepita. Kimya akatoka kwenye kundi, akaenda kusimama kushoto kwake. Wasichana wengine wakafuata. Mimi ni mwalimu, nalipwa na chuo kile, na nilijua vizuri kabisa kwamba ninaweza kumwaga unga. Nikaenda ofisini kwangu, nikatoa pazia jipya nililokuwa nimeshalishona na kulificha chini ya vitambaa, nikaja nalo begani. Nilichoka kuambiwa suala linaangaliwa.

Mkuu wa chuo akaitwa. Akaingia ndani, akakaa humo kidogo, akatoka anajipangusa mikono, akahukumu kama wakuu wanavyohukumu: chumba kibaki kwa muda mpaka kikao kikae, na mwanafunzi amefeli kwa kuvunja kanuni, arudie mtihani mwakani akitaka. Kikao hicho hakijakaa mpaka leo. Wasichana wa useremala wakatengeneza fremu ya paa, wakasema ni kazi yao ya mazoezi, na mabati ya zamani ya stoo nyingine iliyovunjwa yakapanda juu.

Kaka yangu alikasirika. "Umetupa cheti kwa ajili ya kuta tatu."

"Nne," akasema wifi. "Wa karakana nao unahesabika."

Alijibu hivyo mbele yake. Kwangu mimi alikuja akakaa kwenye kiti cha cherehani, akalia kimyakimya, akajifuta kwa mkono wa ovaroli. Kisha akarudi kwenye ndoo mwaka mwingine mzima. Msimamizi alipenda kumtania mbele ya mafundi: "Mama, cheti kiko wapi?" Naye humjibu bila kugeuka, "Kinakauka." Mwaka huo ulimuuma, na uliniuma mimi kumwona. Sitaki mtu aseme kwamba ushujaa hauna gharama. Nimeuona ukipanda ngazi na ndoo kichwani.

Akarudi kurudia mtihani, safari hii pamoja na Kimya, aliyekuwa amefika mwaka wake wa mwisho. Bomoa alimkalia wifi kooni. Alimpangia mahali pa kujengea katikati ya uwanja, kwenye jua, mbali na karakana. Aliutia udongo wake vidole kabla haujatumika, akausugua, hata akaunusa. Kila tofali lililolazwa alilikodolea macho, na ndoo yake akaigeuza juu chini. Kuhusu ndoo, ile yenye mfuniko sikuwa nimeiona nyumbani kwao kwa muda mrefu. Niliuliza ilikokwenda, wifi akaniambia amemwazima mtu.

Ukuta ukasimama, wima kama ule wa kwanza. Bomoa akapima, akaandika, akasema neno lake. Wifi akaegemeza viganja viwili, akasukuma, ukaanguka wote kwa mara moja, vumbi likatufunika. Akaketi chini, akaanza kuparua udongo kwenye matofali na kuyapanga. Bomoa akasaini. Uso ulimng'aa.

"Sasa umeshika adabu, mama?"

"Nimeshika cheti, mwalimu."

Akaikunja vizuri ile karatasi iliyosainiwa, akaitia mfuko wa kifuani, na akarudi kwenye matofali, akatugeuzia mgongo.

Bomoa akahamia kwa wengine. Kazi ya Kimya ilikuwa ya mwisho, nyuma ya karakana: ukuta mmoja mfupi tu, mbele ya mlango wa kile chumba, wa kukinga upepo uliokuwa ukilipeperusha pazia langu. Matofali ya vipande. Bomoa alishangaa kidogo kuuona hapo, lakini msichana yule hakuwahi kumsumbua mtu, na macho yake mwalimu yalikuwa yameshachoka na kazi ya kumlinda mtu mmoja. Akaning'iniza kamba, akalaza pimamaji, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

"Bomoa."

Kimya akaweka bega, akasukuma. Akasukuma tena. Bomoa akamsogeza pembeni, akaweka bega lake mwenyewe, na tukausikia mshono wa koti lake ukiachia. Akatoa msumari. Akakwaruza. Kijivu.

Aligeuka akamtafuta wifi yangu kwa macho, ng'ambo ya uwanja. Wifi alikuwa ameinamia matofali yake, anaparua, na mgongo wake haukuonyesha kwamba unasikia chochote. Basi akamgeukia msichana, akavuta pumzi, lakini Kimya akamtangulia. Kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akisema maneno matatu mfululizo mbele ya mwalimu.

"Umeupima, mwalimu," akasema. "Una kosa?"

Nyuma yake wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa wameshaanza kusogea mlangoni.