Rafu za Waliochangia

Bi Mackrine alikuwa mkutubi wa maktaba ya jumuiya pale Bugene, na kwa miaka yote ya kazi hiyo hakuna aliyemuuliza anafanya nini humo ndani. Vitabu alivipanga kwa mada: kilimo peke yake, afya peke yake, hadithi karibu na dirisha, kwa kuwa wasoma hadithi hawana haraka ya kuondoka. Kisha akaenda Nyabiyonza kumzika shangazi yake.

Aliporudi, kilimo hakikuwepo. Mwenyekiti wa kamati, mzee Melkiory, alikuwa amepanga vitabu upya kwa majina ya waliovitoa, kila rafu na kibao chake, kama michango ya harusi inavyosomwa. Familia ya Rwegoshora ilipata rafu nzima: mwongozo wa ukunga umeegemea Zaburi, Zaburi zimeegemea hesabu za darasa la sita. Rafu ya mwenyekiti, usawa wa macho kabisa, ilibeba kalenda za zamani na maelekezo ya kutumia jokofu.

"Shikamoo," alisema Mackrine, maana hasira ilikuwa haijafika kwenye malezi.

"Marahaba. Pole na msiba. Umeona? Mtu akichanga, jina lisomwe."

Kabla hajajibu akaingia Benadeta wa kijiji cha Ndama, matope hadi magotini, mkononi jani la mgomba limegeuka njano. Alikitaka kile kitabu chenye picha za mnyauko, ugonjwa wa migomba, alichokiazima zamani, kabla shamba lote halijaisha.

"Kilitolewa na nani, mama?" mzee akamuuliza kwa upole.

"Nitajuaje? Mimi naulizia migomba."

"Ndiyo tabu ya watu kutofuatilia michango."

Hapo hasira ikafika. Mackrine aling'oa kibao cha kwanza, akaanza kushusha vitabu sakafuni, kilimo huku, afya kule.

"Wenyewe wakichukia?" mzee alisema.

"Waje wavichukue. Pengine watavisoma njiani."

"Acha, Mackrine. Au weka ufunguo mezani."

Akauweka, akaendelea. Kupanga vitabu hakuhitaji ufunguo.

Mzee akauchukua, akaenda kusimama mlangoni ili afunge. Lakini ndani kulikuwa na wanawake wawili, na hakuna aliyekuwa akitoka. Kitabu cha mnyauko kilipatikana kati ya nyimbo za kwaya na mapishi ya keki. Benadeta akakaa palepale sakafuni na jani lake, akaanza kulinganisha picha.

"Mwenyekiti," Mackrine alisema bila kugeuka, "unatuzibia mwanga."